Mali ya Mjerumani: safari ya kutafuta filamu kwenye majabali ya Kolo

Jumatatu, Dodoma mjini

Filamu tunayoiandaa ni ya uhalifu na msako. Vijana wanne wanauziwa ramani pale stendi ya Nanenane, karatasi iliyolowekwa kwenye chai ya rangi ikaanikwa ili ionekane ya kale. Ramani inadai kuwa Mjerumani alificha masanduku ya dhahabu kwenye mapango ya Kondoa wakati anakimbia Vita vya Kwanza vya Dunia. Vijana wanaingia porini, wanachimba usiku, mmoja anafia shimoni, mwingine anawageuka wenzake. Anayewafuatilia ni dada mmoja, mlinzi wa michoro ya kale, na ndani ya lile genge yumo mdogo wake wa tumbo moja. Ugomvi wa ndugu ninao, maiti ninayo, polisi ninao. Mahali ndipo pamekosekana. Katika timu nzima hakuna aliyewahi kufika Kolo, huko Kondoa kwenye michoro yenyewe, na muongozaji wetu, ambaye sote tunamwita Dada Mkubwa, amesema haandikiwi ukurasa mwingine mpaka tukaone kwa macho.

Jioni nilikwenda Chadulu kumwamkia mwalimu aliyenifundisha historia sekondari. Amestaafu, amebaki na mizabibu yake miwili inayotambaa juu ya uzio. Nilimsimulia kisa chote tangu stendi hadi shimoni. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akaniuliza, "Dhahabu ipi hiyo, mwanangu?"

Kwa sababu dhahabu ya Mjerumani ipo, alisema, na habari zake zinajulikana. Mwaka 1916 koloni lilikuwa limezingirwa, meli za Waingereza zimefunga bahari, fedha hazifiki tena kutoka Ujerumani. Serikali ya kikoloni ikaamua kupiga sarafu zake yenyewe kwenye karakana ya reli Tabora. Za thamani ndogo zilikuwa za shaba, na katika chakavu zake yalikuwemo maganda ya mizinga na risasi. Lakini zilikuwepo pia za dhahabu, za rupia 15, upande mmoja tai wa Kijerumani, upande wa pili tembo amesimama mbele ya mlima. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, Iramba, katika mkoa wa Singida wa leo. Yaani imechimbwa katikati ya nchi hii hii.

Mwalimu akaomba kalamu yangu. Sarafu za dhahabu zilizopigwa Tabora ni 16,000 na ushee. Kila moja ina uzito wa gramu 7 na kidogo. Akazidisha, akanigeuzia karatasi: jumla haifiki kilo 120. Gunia moja la mahindi na debe moja juu yake. Hiyo ni dhahabu yote, ya koloni zima, na sehemu kubwa yake ilitoka ikaingia mikononi mwa watu, ikatumika, ikahamishwa, ikaishia kwa wakusanyaji wa sarafu. "Sasa hesabu vilima vinavyosemwa kuwa na masanduku," akasema, "halafu uligawe hilo gunia."

Kisha akanichorea ramani yake mwenyewe. Kondoa ilitekwa tarehe 19 Aprili 1916 na majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer. Walitokea Arusha, wakashuka kwa njia ya upande wa Babati katikati ya masika, farasi wakifa njiani kwa mamia. Mwezi Mei, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alijaribu kuirudisha Kondoa kwa kushambulia usiku, akashindwa. Kolo iko kaskazini mwa Kondoa, kwa hiyo adui alipita Kolo kwanza ndipo akafika Kondoa. Mwalimu akaweka kidole katikati ya mchoro wake: mtu aliyebeba dhahabu kutoka Tabora angelazimika kuvuka jeshi zima la adui, aifiche nyuma ya mgongo wao, kisha avuke tena kurudi kwake. Alinisindikiza hadi getini na kunikabidhi ile karatasi. Nimeibandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la safari.

Jumanne, njiani kwenda Kondoa

Tumeondoka kabla jua halijachomoza, wanne garini: Dada Mkubwa, mpiga picha, dereva na mimi. Barabara ya Dodoma hadi Babati ni kilomita 251, lami tupu, ilizinduliwa rasmi mwaka 2018. Dereva ameipita tangu enzi za vumbi na hadithi zake nyingi ni za magari yaliyonasa. Makutupora, Mayamaya, halafu nchi inafunguka: mibuyu imepukutika majani, mawe makubwa yamekaa juu ya vilima, mito ni mchanga mtupu. Kwenye mto mmoja akina mama wamechimba visima vifupi mchangani na wanachota kwa kata, polepole, wakisubiri maji yajikusanye. Mpiga picha akaomba tusimame. Dada Mkubwa akamwambia apige mto, asipige watu bila kuwaomba, naye akashuka kuwaamkia kwanza.

Haneti tulisimama kwa chai na chapati. Eneo hili linajulikana kwa krisopresi, jiwe la kijani linalosafirishwa kwenda kuchongwa vito. Dereva aliwahi kubeba wachimbaji huko na akanieleza tofauti ninayotaka iingie kwenye mazungumzo ya filamu: mchimba madini ana leseni, ana eneo lake, ana kodi anayodaiwa, na akikosa jiwe anajua amekosa jiwe. Mtafuta mali ya Mjerumani hana hata kimoja. Hujificha, na akikosa huamini kwamba mali ipo, imesogea tu.

Kondoa tuliingia kabla ya adhuhuri. Tulijitambulisha ofisini kwa barua zetu na nakala za maombi ya Bodi ya Filamu. Usiku ugali wa mtama na kuku wa kienyeji.

Jumatano, Mungumi wa Kolo

Kutoka Kondoa hadi Kolo ni mwendo wa kilomita 27 hivi kuelekea kaskazini. Kwenye ofisi ya kituo ililetwa daftari la wageni, tukalipa kiingilio, tukapewa mwongozaji wa wageni. Mtu mzima, mpole, mwenye fimbo na kofia ya kitambaa. Tulimwita Mzee toka mwanzo hadi mwisho, naye akatuita wanangu. Kabla gari halijawashwa alitueleza masharti: hakuna kugusa ukuta, hakuna kumwagia maji michoro ili rangi zing'ae, hakuna kuokota kitu chochote chini hata kama ni kijiwe. Watu wamekuwa wakimwagia maji kwa miaka mingi ili wapige picha nzuri, na kila mara rangi hupungua.

Njia ya gari inavuka mto wa mchanga, inapanda, inaishia chini ya kilima. Kutoka hapo ni miguu, na mpando ni mkali. Mpiga picha mwenye mzigo wa lensi alipumzika mara nyingi kuliko sisi. Juu, mlima unakatika ghafla na unaona bonde lote upande wa mashariki, nchi ya Wamaasai ikipotelea kwenye ukungu wa vumbi. Michoro hii iko kwenye miteremko ya ukingo huo, karibu na Bonde la Ufa, imetawanyika kwenye eneo la kilomita za mraba 2,336 ambalo UNESCO iliingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mapango yake mengi ni majabali yaliyoinama mbele, yanakinga mvua na jua.

Halafu unageuka na ukuta uko mbele yako.

Rangi ni nyekundu iliyokolea, ya udongo mwekundu uliosagwa. Watu warefu mno, wembamba, viungo vimevutwa, mistari ya mwili imepigwa mmoja mmoja sambamba, kila mstari mwembamba kuliko unyoya wa kuku. Vichwa vimebeba kitu, labda nywele zilizosukwa, labda vazi. Nilikaribia kwa hatua ambayo Mzee aliruhusu, nikabana pumzi ili isifike kwenye mwamba. Ukitazama muda mrefu mkono wa mchoraji unauona: mahali rangi ilipoanza nzito, mahali ilipokauka, mahali aliporudia. Aliyechora hakutetemeka.

Mzee akatuonyesha kundi la watu watano. Katikati mtu mmoja, ambaye wengi humsoma kuwa mwanamke. Wawili upande mmoja wamemshika, wawili upande mwingine wanamvuta, na hao wa upande wa pili vichwa vyao ni kama vimefunikwa. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyekaa hapa mwaka 1951 akinakili michoro kwa miezi, aliona hapo tukio la utekaji: watu waliojifunika sura wanamteka mwanamke, na ndugu zake wanamzuia. Dada Mkubwa aliruka. Tumekuja kutafuta filamu ya uhalifu, na uhalifu umechorwa ukutani kabla ya sisi kuzaliwa, kabla ya mababu wa mababu zetu. Alianza kupanga papo hapo jinsi kamera itakavyotoka kwenye uso wa yule wa katikati hadi kwenye uso wa steringi wetu, yule dada mlinzi.

Mzee akamwacha amalize, kisha akasema kuna usomaji mwingine. Wasandawe, ambao lugha yao ina sauti za kudokoa ulimi na ambao wengi wako upande wa Chemba, wana ngoma ya uponyaji iitwayo simbó. Mchezaji huzidiwa, huishiwa nguvu, na wenzake humshika wasije wakamwacha akaanguka au akajiumiza. Watafiti wanaofuata njia hii wanaona kwamba hakuna anayetekwa pale, wote wanne wanamsaidia mmoja.

Dada Mkubwa alikaa kimya kwa muda. Mimi nilikuwa naandika haraka. Mchoro mmoja, mashahidi wawili, na kila mmoja ameona jambo lake: huo ndio moyo wa hadithi ya upelelezi, na sikuutunga mimi. Mdogo wa steringi atautazama ukuta huu aseme, "Wanamteka." Dada yake atasema, "Wanamshika asianguke." Kisha katika tukio la mwisho shimoni, yeye mwenyewe atamshika mdogo wake kwa mikono yote miwili, na askari aliye juu atadhani wanapigana. Nimeandika ukurasa mzima nikiwa nimeegemea jiwe la nje, mbali na ukuta.

Mungumi, jabali hili lenye michoro, ni mahali pa tambiko mpaka leo. Warangi na jirani zao huja kuomba mvua, kuombea wagonjwa, huleta pombe ya mtama na mnyama wa kuchinja. Kuna upenyo ambao Mzee alituambia tusiingie, na hatukuingia. Kuna mvutano hapo pia, kwa sababu pombe ikirushwa ukutani inaharibu michoro, na wenye mila wanasema mahali pasipoombewa hapana maana ya kuhifadhiwa. Mzee hakuchagua upande mbele yetu. Mimi naona wenye mila wana haki ya kusikilizwa kwanza, maana ni wao waliofanya mahali hapa paogopwe kwa vizazi vingi kabla ya kuwepo mlinzi wa kulipwa mshahara.

Sasa shimo.

Liko chini ya jabali jirani. Nilikuwa nimeshaandika mashimo ya wachimbaji mara nyingi kwenye skripti bila kujua lilivyo. Linafika kiunoni, limechimbwa kwa sururu na jembe kwa pupa, ukingo mmoja umeporomoka. Kwenye ukingo ambao bado umesimama zinaonekana tabaka: udongo wa kijivu wa majivu, chini yake mstari mweusi wa mkaa, chini tena udongo mwekundu, halafu kijivu kingine. Pembeni kuna lundo la kilichotolewa, vyote vimechanganyika. Mzee alichuchumaa, akaelekeza fimbo kwenye kipande cha jiwe jeupe chenye makali, kilichobanduliwa na mkono wa mtu. "Hiki kilikuwa chini ya ule mkaa," akasema. "Mkaa ungetuambia miaka yake. Sasa kimelala juu ya ganda la biskuti." Ganda la biskuti lilikuwepo kweli, limefifia kwa jua.

Mpiga picha aliuliza walipata nini. Mzee akasimama, akakung'uta magoti. Tangu aanze kazi hajaona wala kusikia mtu aliyetoka na dhahabu Kolo. Ameona mashimo. Na vumbi la kila shimo hupanda, huganda kwenye michoro, na halitoki bila kutoka na rangi.

Nimechora lile shimo kwenye daftari, tabaka kwa tabaka. Filamu za msako wa hazina tulizokua nazo humaliza kwa shimo: mfuniko unafunguliwa, mwanga wa njano unamwagika usoni kwa steringi, muziki unapanda. Hakuna hata moja ninayoikumbuka iliyowahi kutazama kile kilichotupwa pembeni wakati wa kuchimba. Nataka kamera yetu ikae kwenye lundo.

Alhamisi, Pahi, Kisese na makorongo

Pahi tumeona michoro myeupe, ya baadaye, ya wakulima na wafugaji, mikono mizito zaidi, imepita juu ya ile myekundu. Kwa filamu haitufai sana. Njia ni nzuri na mwanga wa asubuhi unaingia vizuri, mpiga picha ameweka alama.

Kisese ndiko nilikotaka kufika. Lile pango linaloitwa na wataalamu Kisese II lilichimbwa na akina Leakey mwaka 1951, na mwaka 1956 akaja mwanaakiolojia Ray Inskeep akachimba kina zaidi, kwa utaratibu, tabaka baada ya tabaka, kila kitu kikiwekwa kwenye mfuko wenye alama ya mahali kilipotoka. Vilivyopatikana vilihifadhiwa makumbusho kwa miongo. Halafu watafiti wakavirudia kwa vipimo vya kisasa, na mwaka 2018 wakachapisha matokeo: humo mlikuwa na shanga za ganda la yai la mbuni zilizotengenezwa zaidi ya miaka 40,000 iliyopita.

Mzee alitueleza shanga inavyotengenezwa, akinichorea mchangani. Unavunja ganda, unachagua kipande, unakitoboa katikati kwa ncha ya jiwe, kisha unakisugua pembezoni mpaka kiwe duara. Vingi huvunjika wakati wa kutoboa. Ukubwa wake? Akanionyesha ukucha wa kidole chake kidogo. Nilifikiri juu ya mtu aliyekaa hapa, chini ya jabali hili, akivunja kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu cha nne kikakubali. Miaka 40,000. Tumejua habari zake kwa sababu tu aliyechimba aliandika kila kitu kimetoka wapi. Angekuja na sururu na tochi, ushanga ule ungekuwa takataka nyeupe ndani ya vumbi, na mchimbaji angeukanyaga bila kuuona.

Kwa hiyo tukio la katikati ya filamu limebadilika. Mdogo wa steringi, shimoni, saa nane usiku, anapepeta udongo kwa vidole akitafuta sarafu. Anashika kitu kidogo cha duara chenye tundu. Anakimulika. Anakirusha nyuma ya bega. Watazamaji wetu watakuwa wameshamwona dada yake, dakika ishirini kabla, akiwaeleza watoto wa shule kitu hicho ni nini. Kibanda umiza kizima kitapiga kelele, nina hakika nalo.

Mchana tulishuka kwenye makorongo. Nchi ya Kondoa iliwahi kuliwa na mmomonyoko vibaya sana. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO kwa kifupi, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililoathirika zaidi ili nyasi na miti virudi. Vimerudi sehemu nyingi. Bado kuna makorongo yenye kuta nyekundu zilizosimama wima, njia zinapinda, ukiingia huoni mbele wala nyuma. Mpiga picha alikimbia ndani ya moja akiwa na kamera mkononi, akatoka upande mwingine ametapakaa vumbi jekundu na anacheka. Msako wa miguu utafanyika hapa. Dada Mkubwa ameshapanga: hakuna magari kugongana, hakuna bunduki nyingi, ni pumzi, vumbi na kuta.

Ijumaa, Kondoa mjini

Baada ya swala ya Ijumaa tulikaribishwa barazani kwa wazee wanne, kahawa na kashata. Tulikwenda kuomba baraka kabla ya kuomba vibali, na Dada Mkubwa ndiye aliyezungumza, kwa adabu na bila haraka. Wazee walitaka kujua kwanza kama filamu itasema Warangi ni wachawi. Akawaahidi haitasema hivyo, na nimeiandika ahadi hiyo hapa kwa sababu ni mimi nitakayeitimiza.

Kisha mazungumzo yakaingia kwenye mali ya Mjerumani na nikapata kile ambacho vitabu havikunipa: namna biashara hii inavyokwenda. Mgeni hafiki na jembe, alisema mzee mmoja. Hufika na mtu. Mtu huyo ameshauza ramani mjini. Wakifika hapa ramani inahitaji mganga wa kuifungua, na mganga yupo, amekuja na gari hilo hilo. Mganga anataka mbuzi mweusi asiye na doa. Mbuzi akipatikana, mali inasemekana imeshuka chini zaidi, inahitaji mashine ya kupimia. Mashine ina mwenye nayo, na inakodishwa kwa siku. Mashine ikilia, wanachimba, wanatoa kipande cha bati. Bati ni ishara kwamba masanduku yako chini yake. Hapo mgeni ameshauza pikipiki yake, anapiga simu kwa shemeji amtumie nyingine.

"Na aliyeuza ramani?" nikauliza.

"Yule hashiki sururu, mwanangu. Yule yuko kivulini."

Tangu tuanze kuandika nilikuwa namtafuta adui mkubwa wa filamu hii. Nilimpa sura ya mfanyabiashara wa nje mwenye miwani myeusi, na kila mara alinipwaya. Sasa nimempata. Ni mzee mpole wa stendi, mwenye sauti ya upole na bahasha ya kaki, anayewaita wateja wake "wajukuu zangu". Hajawahi kufika Kolo. Hajui hata ilipo. Kila ngazi ya utapeli inampa asilimia, mganga ni wake, mashine ni yake, na lile genge halimjui zaidi ya jina la utani. Uhalifu unaoonekana ni wa kuchimba bila kibali, kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Uhalifu uliouzaa ni wa bahasha.

Jioni nimevunja nusu ya pili ya skripti na kuipanga upya juu ya kitanda cha gesti. Mpelelezi anafuata fedha, dada anafuata mashimo, na wanakutana korongoni.

Jumamosi, kurudi Dodoma

Mtayarishaji alipiga simu tukiwa karibu na Chemba. Dada Mkubwa akaweka spika ili wote tusikie. Alifurahia makorongo, alifurahia adui wa bahasha, alifurahia ushanga. Kisha akauliza dhahabu inapatikana tukio la ngapi. Nikamwambia haipatikani. Akasema watu hawatoi pesa yao wakae saa mbili halafu shimo liwe tupu.

Nilimjibu kama ninavyoandika hapa. Filamu yetu itaonyeshwa kwenye vibanda, kwenye simu, kwenye mabasi ya Dodoma na Arusha yanayopita mbele ya kibao cha Kolo. Tukitoa sanduku moja la dhahabu kutoka chini ya majabali yale, hata la plastiki lililopakwa rangi, kuna kijana atashuka kwenye basi na sururu. Mzee atapata shimo jingine asubuhi. Tukio hilo moja la kubuni litachimba zaidi ya genge zima. Na shimo letu halitakuwa tupu: mtazamaji atakuwa ameona kilichotolewa humo na kukanyagwa, na atakuwa anakijua kwa jina kabla mchimbaji hajakijua.

Alikaa kimya kiasi kwamba dereva alidhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Niandikieni sarafu moja." Anataka rupia 15 yenye tembo ionekane, hata kama haitoki ardhini. Hilo linawezekana na ni la kweli: adui wa bahasha atakuwa na nakala yake, ya shaba iliyopakwa rangi, chambo anachowawekea wajukuu zake kiganjani mara ya kwanza. Mpelelezi ataipima: ni nyepesi kuliko gramu 7, na rangi inabaki kidoleni. Mtayarishaji amekubali.

Mengine yamepangwa garini. Hatutachimba hata koleo moja Kolo. Mashimo yote na mapango yote ya ndani yatajengwa kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, nje ya Dodoma, kwa mbao, wavu wa kuku na saruji nyepesi. Michoro itachorwa upya na msanii kwa kutumia picha tulizopiga, na Mzee ameombwa aje aikague kabla kamera haijawashwa, kwa malipo. Kolo kwenyewe tutapiga picha za nje tu, mlima, mto wa mchanga na bonde, kwa kibali cha Bodi ya Filamu na cha wenye dhamana ya kituo. Droni haitapita juu ya Mungumi siku ya tambiko. Makorongo tutayashuti Oktoba, kabla mvua hazijaanza, kwa sababu maji yakishuka humo hakuna atakayesimama, na Dada Mkubwa anataka siku mbili za akiba iwapo vumbi litazidi.